Maswali ya Wasomaji: Bango la Uchaguzi Linamjibu Nani?

Katika toleo lililopita tulichapisha picha za mabango manne ya uchaguzi ya Ujerumani, la zamani kabisa likiwa la mwaka 1932 na la karibuni likiwa la mwaka 1994, pamoja na maneno yake ya Kijerumani, lakini bila maelezo zaidi ya mwaka na jina la chama. Barua zilizofuata zimenionesha kwamba picha na mwaka havikutosha. Leo najibu barua nne, na jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu jambo lenyewe ni zito.

Nafundisha historia kidato cha nne. Niliwaonesha wanafunzi wangu bango la mwaka 1932 lenye umati wa watu waliokonda na maneno "Unsere letzte Hoffnung: Hitler", yaani "Tumaini letu la mwisho: Hitler". Mwanafunzi mmoja aliniuliza mbona bango hilo halina neno lolote baya, na mbona anayeombewa kura mwenyewe hayumo pichani. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Naomba msaada. (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, mwanafunzi wako ameona jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama, na ningependa umpongeze kwa niaba yangu.

Mchoraji wa bango hilo ni Hans Schweitzer, aliyetia saini kazi zake kwa jina la Mjölnir, yaani nyundo ya mungu Thor katika hadithi za kale za watu wa Ulaya ya kaskazini. Amechora nyuso nyingi zilizobanana, za wanaume na wanawake, mashavu yameingia ndani na rangi yao imefifia kama majivu ya mekoni. Ni umati mkubwa, lakini si umati wa watu wanaozungumza. Kila mmoja anaonekana yuko peke yake na dhiki yake. Kisha yanakuja maneno matatu, na baada yake jina moja kwa herufi kubwa kuliko zote.

Tuyachukue maneno hayo moja moja. "Unsere" ni "letu". Anayesema hapo si chama wala mgombea, ni ule umati, na mpita njia wa Berlin au Hamburg aliyesimama mbele ya bango hakuambiwa "tupeni kura", aliachiwa nafasi ajione kuwa ni mmoja wa wale waliochorwa. "Letzte" ni "la mwisho", na hapo ndipo penye shutuma ambayo mwanafunzi wako hakuiona kwa sababu imefichwa ndani ya neno dogo. Tumaini haliitwi la mwisho mpaka mengine yawe yameshajaribiwa yakashindwa. Serikali ya mwisho iliyotegemea wingi wa wabunge ilikuwa imevunjika Machi 1930. Baada yake Kansela, yaani mkuu wa serikali, Heinrich Brüning alitawala kwa amri za dharura za Rais Paul von Hindenburg, chini ya kifungu cha 48 cha katiba, akipunguza mishahara na posho wakati viwanda vinafungwa, na mwanzoni mwa 1932 watu wasio na kazi walikuwa zaidi ya milioni 6. Mjerumani wa mwaka ule hakuhitaji kukumbushwa hayo. Neno moja lilivishutumu vyama vyote bila kukitaja hata kimoja.

Neno la tatu ni "Hoffnung", tumaini. Bango haliahidi bei ya mkate, wala idadi ya ajira, wala sheria yoyote. Aliyeahidi mkate utamwuliza kesho mkate uko wapi, lakini aliyekupa tumaini hujui umdai nini. Ndiyo maana hata sura ya Hitler haikuhitajika: nafasi ile iliachwa wazi ili kila msomaji aijaze kwa haja yake mwenyewe.

Hata hivyo, katika kampeni hiyohiyo ya urais ya mwaka 1932, Hitler alipogombea dhidi ya Hindenburg, chama chake cha Wanazi kilibandika pia bango la namna tofauti kabisa, lenye kichwa cha Hitler peke yake juu ya weusi mtupu, na neno moja tu, jina lake. Kuta za miji ya Ujerumani wakati ule zilikuwa zimejaa rangi na maneno mengi, hata jicho likachoka, na weusi ule mtupu ulilisimamisha jicho kwa nguvu. Mabango hayo hayakumpa ushindi siku ile. Duru ya pili ya tarehe 10 Aprili 1932 Hindenburg alipata asilimia 53 na Hitler asilimia 36.8.

Sasa nije kwenye lile la "halina neno baya", kwa sababu hapa ndipo ninapokusihi. Chama kile kilikuwa na mabango mengine kwa macho mengine. Katika uchaguzi wa Bunge wa Julai 1932 kilitoa lenye maneno "Wir Arbeiter sind erwacht", "Sisi wafanyakazi tumeamka", ambapo mfanyakazi mkubwa kama jitu anawatazama kwa juu watu wadogo, na miongoni mwao kuna kikaragosi cha Myahudi, kilichochorwa kwa dharau, kinachomnong'oneza mwanasiasa wa mrengo wa kushoto sikioni. Chuki ambayo bango la kwanza limeinyamazia, hili limeitamka. Ukiwaonesha wanafunzi lile la kwanza peke yake, utakuwa umewaonesha upande ambao chama chenyewe kilitaka uonekane na walio wengi. Tafadhali yaweke mabango hayo mawili ubaoni siku moja, kipindi kimoja.

Na uweke pia yale ya wapinzani, maana bango ni kama kanga. Ukiikuta kanga dukani, maandishi yake ni methali tu. Ukimwona jirani kaivaa asubuhi baada ya ugomvi, hapo ndipo unapojua jina lile limeandikwa kwa ajili ya nani. Chama cha SPD, cha Wasoshalisti wa kidemokrasia, kilijibu kwa bango la mfanyakazi aliyesulubiwa juu ya alama ya swastika, kwa maneno "Mfanyakazi katika milki ya swastika!" Nchi ile ilikuwa ya Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti, na kila mtu aliielewa picha ile kabla hajasoma. Miezi michache baadaye, kwa uchaguzi wa Novemba, SPD ilitoa bango jingine lenye mishale mitatu na majina matatu: "Gegen Papen, Hitler, Thälmann", "Dhidi ya Papen, Hitler na Thälmann". Papen alikuwa Kansela aliyeungwa mkono na mabwana wakubwa wa ardhi na wenye kuutamani ufalme; Thälmann alikuwa kiongozi wa Wakomunisti. Mwezi Machi wa mwaka uleule, wakati wa uchaguzi wa urais, Wakomunisti nao walikuwa wakinadi maneno haya: "Anayemchagua Hindenburg anamchagua Hitler, anayemchagua Hitler anachagua vita." Yote mawili yalitokea. Tarehe 30 Januari 1933 Hindenburg alimteua Hitler kuwa Kansela, na mwaka 1939 vita vikaanza. Lakini waliotamka utabiri ule na waliochora ile mishale mitatu hawakuweza kusimama ukuta mmoja, na mimi sijapata kuyatazama mabango hayo mawili pamoja bila uchungu.

Nikuongezee kidokezo kimoja cha darasani. Karibu mabango yote ya wakati ule yana neno "Liste" na namba. Mpiga kura alichagua orodha ya chama, na namba ya orodha ilifuata ukubwa wa chama katika Bunge lililotangulia. Wanazi walikuwa namba 9 mwaka 1930, wakawa namba 2 Julai 1932, na baada ya kupata asilimia 37.3 mwezi huo wakawa namba 1 katika uchaguzi wa Novemba, SPD ikishushwa hadi 2. Kwa hiyo bango lisilo na tarehe huweza kutambuliwa kwa namba yake, na ukizipanga namba hizo tatu ubaoni, mwanafunzi ataiona miaka miwili ya historia ya Ujerumani kwa jicho moja.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma Kijerumani chuo kikuu. Tulipewa kazi ya kutafsiri kaulimbiu ya mwaka 1957 "Keine Experimente! Konrad Adenauer", nami nikaandika "Hakuna majaribio! Konrad Adenauer". Mhadhiri akasema kisarufi sijakosea lakini tafsiri yangu haisemi kitu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Hujakosea neno, umekosea sauti. "Hakuna majaribio" kwa Kiswahili ni tangazo la ubao wa shule: wiki hii hakuna mitihani midogo, nendeni mkacheze. Maneno ya Kijerumani hayatangazi kwamba kitu fulani hakipo. Hayana kitenzi kabisa, na Mjerumani anapoanza na "keine" bila kitenzi mara nyingi anakataza, kama baba anayesema mezani "Keine Widerrede!", ambayo kwetu mzee angesema "Sitaki ubishi". Basi kwanza sikia kwamba anayesema ni mzee, na anasema na watu wa nyumbani mwake.

Na kweli alikuwa mzee. Konrad Adenauer, Kansela wa Ujerumani Magharibi, alizaliwa Januari 1876, akawa na miaka 81 siku ya uchaguzi huo. Chama kingine kingeuficha umri kama huo. Chama chake cha CDU, cha Wakristo wa kidemokrasia, kiliufanya kuwa hoja. Bango ni sura yake tu, iliyochorwa kwa rangi, yenye mikunjo na mtazamo uliotulia, na maneno yale mawili. Aliyeyabuni anatajwa kuwa mtaalamu wa matangazo Hubert Strauf, mtu ambaye pia anahesabiwa kuwa ndiye aliyewapa Wajerumani kaulimbiu ya Coca-Cola "Mach mal Pause", "Hebu pumzika kidogo". Ukiziweka kaulimbiu hizo mbili pamoja utasikia mkono ni mmoja: maneno machache, ya mazungumzo ya kila siku, yanayomwambia mtu aliyechoka kile anachotamani kusikia.

Amechoka na nini? Hilo ndilo swali ambalo kamusi haitakujibu. Mfikirie Mjerumani wa miaka 60 mwaka ule wa 1957. Alizaliwa chini ya Kaisari, akaingia utu uzima katika jamhuri, akaishi miaka 12 chini ya Hitler, akatawaliwa na majeshi ya washindi wa vita, kisha akawa raia wa Ujerumani Magharibi. Akiba yake ya fedha ilipotea mara mbili, kwanza kwa mfumuko wa bei wa mwaka 1923, kisha sarafu ilipobadilishwa mwaka 1948. Akisikia neno "Experimente" hafikirii maabara. Anafikiria maisha yake yote. Na mwaka mmoja nyuma, Novemba 1956, vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeyazima maasi ya Hungaria, habari ambayo kila nyumba iliijua. Kwa upande mwingine, mapema mwaka uleule wa 1957 Bunge lilipitisha sheria mpya ya pensheni iliyofungamanisha malipo ya wastaafu na kupanda kwa mishahara, na wazee wakaona tofauti mfukoni. Bango halikuwa na haja ya kuitaja sheria hiyo.

Maneno yale yalimlenga mtu, ingawa jina lake halimo. Yaliilenga SPD, iliyopinga nchi kuingia katika jumuiya ya kijeshi ya NATO mwaka 1955 na ambayo bado ilijiita chama cha Kimarx. Miaka minne kabla, CDU ilikuwa imesema jambo hilohilo kwa sauti ya kutisha: bango la mwaka 1953 lina mistari inayokimbilia mahali pamoja kama barabara zinazokutana mbali, na kwenye upeo yanachomoza macho makali chini ya kofia yenye nyundo na mundu. Maneno yake ni "Alle Wege des Marxismus führen nach Moskau", "Njia zote za Umarx zinaelekea Moscow". Wajerumani wana methali isemayo kwamba njia zote zinaelekea Roma. Mtunzi ameuondoa mji mmoja akaweka mwingine, na sikio likaikubali hoja kwa sababu limeuzoea mwendo wake. Kwa maoni yangu bango lile lilikuwa la udhalimu, kwa kuwa lilikitia chama cha kidemokrasia, ambacho wafuasi wake wengi walifungwa na Wanazi na wengine kufungwa tena na Wakomunisti wa Ujerumani Mashariki, katika kapu moja na watesi wake. Mwaka 1957 hapakuwa tena na haja ya macho yale. Neno "Experimente" liliyabeba kimyakimya.

Matokeo yalikuwa asilimia 50.2 kwa CDU na chama ndugu cha Bavaria, CSU, na mpaka leo hakuna aliyewahi tena kuvuka nusu ya kura katika uchaguzi wa Bunge la Shirikisho. SPD ilipata asilimia 31.8, na miaka miwili baadaye, katika mkutano wake wa Godesberg wa Novemba 1959, ikaiacha itikadi ya Umarx.

Ningekuwa mimi, ningeandika: "Tusibahatishe! Konrad Adenauer." Nimepoteza nomino na nimeingiza kitenzi ambacho Kijerumani hakina, lakini nimepata sauti ya mtu mzima anayewatahadharisha walio wake, na nimepata lile "tu-" ambalo linamweka yeye ndani ya nyumba pamoja nao. Mwoneshe mhadhiri wako, na akikataa naomba unieleze sababu zake, kwani napenda kujifunza.

Nilisoma kwamba mwaka 1990, Wajerumani wote walipokuwa wakishangilia kuungana kwa nchi zao, chama cha Kijani, cha watetezi wa mazingira, kilibandika mabango yanayosema "Wote wanazungumzia Ujerumani. Sisi tunazungumzia hali ya hewa." Je, hawakuwa na habari na yanayotendeka nchini mwao? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, walikuwa nayo, na bango lao lilikuwa na akili nyingi, labda kuliko wakati wake. Ili ulielewe unahitaji mabango mawili yaliyolitangulia. Mwaka 1966 shirika la reli la Ujerumani Magharibi lilitoa tangazo la treni iliyomo katika theluji, na maneno "Alle reden vom Wetter. Wir nicht", "Wote wanazungumzia hali ya hewa. Sisi hatuzungumzii", maana yake treni haizuiwi na baridi. Mwaka 1968 jumuiya ya wanafunzi wa Kisoshalisti ya SDS iliyachukua maneno yaleyale ikayaweka juu ya vichwa vya Marx, Engels na Lenin, kwenye wekundu, ikimaanisha kwamba wao wana mambo mazito kuliko porojo za mvua na jua. Vijana wengi wa enzi ile walilibandika ukutani chumbani kwao.

Chama cha Kijani mwaka 1990 kiliigeuza kauli hiyo juu chini. Hali ya hewa iliyokuwa mfano wa jambo dogo ikawa jambo kubwa: kupanda kwa joto la dunia. Aliyeyakumbuka mabango yale mawili alitabasamu. Lakini mabango hubandikwa kwa wote, na aliyekuwa amepotezana na nduguye kwa miaka 28 ya ukuta wa Berlin alisoma kwamba furaha yake si habari. Tarehe 2 Desemba 1990 chama kilipata asilimia 4.8 katika eneo la magharibi, chini ya kiwango cha asilimia 5 kinachohitajika, kikakosa viti huko. Kwa kuwa safari ile moja tu kiwango kilihesabiwa mbalimbali kwa mashariki na magharibi, wenzao wa mashariki walioungana na wanaharakati wa haki za raia waliingia Bungeni na viti 8. Walichosema kuhusu hewa kilikuwa kweli, na nasikitika kila ninapokumbuka jinsi kilivyopokewa.

Katika picha zenu lilinishangaza bango la mwaka 1994 lenye soksi moja nyekundu iliyoanikwa kwa kibanio. Ni tangazo la sabuni? (Bibi msomaji, Unguja)

Bibi, ni tangazo la CDU ya Kansela Helmut Kohl. Maneno yake ni "Auf in die Zukunft... aber nicht auf roten Socken!", yaani "Twendeni mbele, lakini si kwa soksi nyekundu!" Kijerumani kina msemo wa "kujitia kwenye soksi" kwa maana ya kushika njia, na "soksi nyekundu" lilikuwa jina la kuwasimanga watu wa chama tawala cha zamani cha Ujerumani Mashariki. Hayo mawili yakafumwa pamoja. Aliyelengwa ni SPD, ambayo kiangazi cha mwaka ule iliunda serikali pamoja na chama cha Kijani katika jimbo la Sachsen-Anhalt bila kuwa na wingi wa wabunge, ikitegemea kuvumiliwa na PDS, mrithi wa chama kile cha zamani.

Kule magharibi bango lilifahamika kama lilivyokusudiwa. Kule mashariki wengi waliliona kuwa ni dharau kwa maisha yao yote, na PDS ikaipokea soksi ile kwa mikono miwili: wafuasi wake walitembea na visoksi vidogo vyekundu vilivyobanwa kifuani kama beji. Chama kilipata asilimia 4.4 tu, lakini kilishinda majimbo manne ya uchaguzi ya Berlin Mashariki, na kwa kuwa majimbo matatu yanatosha kukiondolea chama sharti la asilimia 5, kiliingia Bungeni na viti 30.